Hisa za kampuni: tulitazame deni kabla ya gawio

Sifa zote njema ni za Allah (SW). Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, hapa Mandewa katika Manispaa ya Singida tumezoea kuweka akiba katika vitu vinavyoonekana: kiwanja, magunia ya alizeti, mbuzi, kuku. Lakini tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza biashara mwaka 1998, na hasa baada ya Vodacom Tanzania kuwauzia wananchi hisa mwaka 2017, lipo swali ambalo walezi wa mayatima hawawezi kulikwepa. Je, inafaa fedha ya mirathi kuwekwa katika kampuni? Na kampuni yenye nguvu itajulikanaje?

Kwanza ni kazi yenyewe ya kampuni. Bia ya TBL, sigara za TCC na benki zinazoishi kwa riba hazihitaji hesabu yoyote. Mlango wake umefungwa. Mazungumzo yetu ni juu ya kampuni ambayo kazi yake ni halali, kama saruji au simu, lakini imekopa benki kwa riba.

Hapa wanazuoni wamehitilafiana, na si uaminifu kulificha jambo hili. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jeddah liliamua mwaka 1992 kwamba asili ni haramu kununua hisa za kampuni inayoingia katika riba, hata kama shughuli zake nyingine ni halali. Shirika la AAOIFI la Bahrain, linaloandaa viwango vya taasisi za fedha za Kiislamu, liliruhusu kwa masharti katika kiwango chake namba 21: mikopo ya riba isizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, fedha iliyowekwa benki kwa riba nayo isizidi asilimia 30, na mapato yasiyo halali yasifike zaidi ya asilimia 5 ya mapato yote. Wapo waliochukua theluthi moja kuwa mpaka, wakiitazama hadithi ya Saad bin Abi Waqqas (RA), aliyezuiwa na Mtume (SAW) kuusia zaidi ya theluthi ya mali yake. Sisi tunaona kwamba hadithi ile ni ya wasia, na kuipeleka kwenye riba ni kuivuta mbali. Hata hivyo, kipimo chenyewe kina hekima ya kibiashara.

Tuchukulie ndugu watatu wa Mandewa wenye kinu cha kukamulia alizeti. Mtu yu tayari kulipa shilingi milioni 80 kuuchukua umiliki wao wote, na deni lao benki ni milioni 24. Hiyo ni asilimia 30 kamili. Mafuta ya mawese kutoka nje yakijaa sokoni, bei ya alizeti ikaanguka, mnunuzi yule atasema sasa atatoa milioni 60. Deni halikuongezeka hata senti moja, lakini limekuwa asilimia 40. Soko limewaambia kwamba mzigo ni uleule ila mgongo umedhoofu.

Kisha fedha taslimu. Ndugu hao wakiwakopesha wafugaji mashudu, daftari litaandika faida. Benki mwisho wa mwezi haipokei daftari. Ndiyo maana katika taarifa za kampuni tunasoma pia mtiririko wa fedha, si faida peke yake. Kampuni inayotoa gawio huku fedha ya biashara haiingii, inalitoa katika akiba au katika mkopo mwingine.

Turejee Vodacom. Iliuza hisa milioni 560 kwa shilingi 850 kila moja, yaani shilingi bilioni 476, nazo zilikuwa robo ya hisa zote. Basi kampuni nzima kwa bei ile ilithaminiwa shilingi trilioni 1.904, na asilimia 30 yake ni bilioni 571.2. Bei ikishuka hadi nusu, mpaka huo nao hushuka hadi bilioni 285.6. Kwa hakika, miaka iliyofuata hisa hiyo iliwahi kuuzwa chini ya 850. Aliyepima mwaka 2017 akalala, kipimo chake kimechacha. Tena asihesabu fedha za wateja wa M-Pesa kuwa utajiri wa kampuni: hizo ni amana za watu, hutunzwa katika akaunti maalumu benki.

Mlezi asiyeweza kusoma mizania amtafute dalali wa soko aliyesajiliwa, amuulize maswali mawili: deni la riba ni kiasi gani, na bei ya leo ni ipi. Akijibiwa kwa sifa za gawio pekee, fedha ya yatima na ibaki ilipo.

Na aliyekwisha kununua kwa kufuata rai ya kuruhusu, bado ana kazi ya kusafisha. Mapato yote yasiyo halali ya kampuni kwa mwaka hugawanywa kwa idadi ya hisa zote, kisha huzidishwa kwa hisa alizonazo. Kiasi hicho hupewa wahitaji, wala hakihesabiwi kuwa zaka.

Wallahu aalam.