Kondo la Nyuma na Kifafa cha Mimba

Mama msomaji, mtoto akiisha kuzaliwa utamwona mkunga ameweka kondo la nyuma katika beseni, akiligeuza na kulitazama kwa makini. Anataka kujua kama limetoka zima, maana kipande kikibaki ndani mama aweza kutokwa na damu nyingi. Kondo la mimba iliyotimia lina uzito wa karibu nusu kilo, sehemu moja katika sita ya uzito wa mtoto, na upana kama sahani ya chakula.

Je, kondo likiwa dogo, ndilo liletalo tansio na kifafa cha mimba? Mara nyingine ndiyo, lakini si kila mara.

Fikiri mashamba yetu ya Ndosho. Haragwe likipata udongo hushusha mizizi. Likiota juu ya mawe meusi ya Nyiragongo, mizizi haina pa kuingia, nalo hudhoofika. Kondo nalo hushusha mizizi katika tumbo la uzazi. Katika miezi ya kwanza mizizi hiyo huifanya mishipa myembamba ya mama kuwa mipana, ili damu ipite tele. Kwa wanawake wengine kazi hiyo haifanyiki vizuri. Mishipa hubaki myembamba, kondo hukosa damu, mara nyingi huwa dogo, na mtoto naye hukua kidogo. Ndipo kondo lenye shida humwaga katika damu ya mama vitu vinavyodhuru mishipa yake mwilini mwote, hata kwenye figo, ini na ubongo. Tansio hupanda, na protini huonekana katika mkojo.

Ndivyo ilivyo mara nyingi ugonjwa ukianza mapema, kabla ya juma la 34. Ukianza karibu na kuzaa, kondo laweza kuwa la kawaida, au kubwa kupita kiasi, kama kwa mama wa mapacha au mwenye ugonjwa wa sukari. Tena iko mimba zabibu: kondo huvimba kama kichala cha zabibu, mara nyingi bila mtoto ndani, na hata hivyo mama aweza kushikwa na ugonjwa huu. Hapo madaktari waliona wazi kwamba chanzo ni kondo, wala si mtoto.

Basi mama akianguka na kutetemeka mwili mzima, wasiwepo wa kusema ni pepo au amelogwa. Saa hupotea katika mabishano hayo, na wanawake hufa. Mlaze kwa ubavu, usimtie kitu kinywani, tafuta gari upesi.

Lakini afadhali kuujua ugonjwa kabla ya kifafa. Tansio ya 140 kwa 90 au zaidi baada ya juma la 20 (wauguzi wengi hapa husema 14 kwa 9) ni ya kuangaliwa, hata kama unajisikia mzima na unabeba bidoni ya maji kama kawaida. Miguu kuvimba jioni huwapata wengi. Uso na mikono kuvimba, kichwa kisichoacha kuuma, macho kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu: siku hiyo hiyo njoo hospitali.

Dawa ya kuzuia kifafa ni sulfati ya manyezi, inayopigwa kwa sindano. Mwaka 2002 matokeo ya majaribio yaliyoitwa Magpie, kwa wanawake zaidi ya 10,000 wa nchi 33, yalionyesha kwamba inapunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Aliyepata ugonjwa huu katika mimba iliyopita na aseme mapema, kabla ya mwezi wa nne. Daktari aweza kumpa aspirini kidogo kila siku. Usijinunulie mwenyewe sokoni.

Ugonjwa huanza kuondoka kondo likiisha kutoka, lakini hauondoki saa ile ile. Kifafa chaweza kuja hata siku kadhaa baada ya kuzaa. Kichwa kikikuuma sana siku ya tano ukiwa nyumbani, rudi maternite, hata kama mtoto ananyonya vizuri.