Kwa Nini Miiko ya Utotoni Haituachi

Usipige mluzi usiku, utaita nyoka. Usiruke miguu ya mwenzako, hatarefuka. Usinyooshee kaburi kidole, kitaoza. Bundi akilia juu ya paa, kuna msiba. Aliyelelewa Kasugho, Butembo, Beni au kwingineko katika nchi za Maziwa Makuu amesikia angalau baadhi ya maonyo haya kabla hajajua kusoma. Leo huenda ni mwalimu, muuguzi au mfanyabiashara mwenye wajukuu. Ukimuuliza kama anayaamini, atakataa. Lakini usiku ukiingia, mluzi hapigi.

Wanaochunguza akili ya binadamu wamelifuatilia jambo hili kwa miaka mingi, na jaribio mojawapo lililo muhimu lilifanyika katika nchi jirani. Katika kisiwa cha Ngamba, Uganda, Victoria Horner na Andrew Whiten waliwaonyesha sokwe wadogo jinsi ya kutoa chakula ndani ya sanduku kwa kijiti. Baadhi ya hatua walizoonyeshwa hazikuwa na kazi yoyote. Sanduku lilipokuwa la kuonekana ndani, sokwe waliziacha hatua hizo wakaenda moja kwa moja kwenye chakula. Watoto wa Scotland wa miaka 3 na 4 walionyeshwa vivyo hivyo, nao wakaiga kila kitu, pamoja na zile hatua za bure. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005.

Mtu asiharakishe kusema sokwe amemshinda mtoto akili. Tazama muhogo mchungu. Mama anaumenya, anauloweka siku kadhaa mpaka ulainike, anauanika, ndipo unasagwa unga wa bugali. Mtoto anayemsaidia hajui kwamba muhogo ule una sumu ya sianidi na kwamba maji na jua ndivyo vinavyoiondoa. Anafuata tu. Akikua akaruka hatua kwa sababu haoni maana yake, familia inayoishi kwa muhogo peke yake inaweza kupata konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu bila kupona, ambao umeelezwa Kongo tangu mwaka 1938. Kuiga bila kuuliza kumeokoa watu wengi kuliko tunavyodhani. Tatizo ni kwamba mlango uleule ulioingiza "loweka muhogo" ndio unaoingiza "usile yai", na mtoto hana njia ya kutenganisha.

Akishaupokea mwiko, ni vigumu kuukanusha, kwa kuwa aliyekatazwa hajaribu. Asiyepiga mluzi usiku hatajua kamwe kwamba nyoka wasingekuja. Na siku bundi akilia halafu jirani akafariki, kijiji kizima kitakumbuka. Usiku mwingine wote aliolia bila msiba hakuna aliyeuhesabu.

Shule je? Mwaka 2012 Andrew Shtulman na Joshua Valcarcel walionyesha kwamba elimu haifuti mawazo ya kwanza, huyafunika. Wanafunzi wa chuo waliulizwa kama sentensi fulani za sayansi ni za kweli. Pale sayansi ilipopingana na walivyofikiri utotoni, walichelewa zaidi kujibu na walikosea zaidi. Miaka mitano kabla yake, Tania Lombrozo na wenzake walikuta kwamba wagonjwa wa Alzheimer, maradhi yanayodhoofisha akili ya wazee, hurudia maelezo wanayoyapenda watoto, kwa mfano kwamba mvua ipo ili mimea ipate maji. Maelezo hayo hayakuwa yametoka. Nguvu ya kuyazuia ndiyo iliyopungua.

Wala tusidhani imani hizi ni za wasiosoma. Mwaka 2008 Cristine Legare na Susan Gelman waliwahoji watu 366 wanaozungumza Kisotho huko Afrika Kusini, kuanzia watoto wa miaka 5 hadi watu wazima. Wengi walijua vizuri jinsi maradhi yanavyoambukiza, na hapohapo walikubali kwamba uchawi unaweza kuyaleta. Watu wazima hawakuwa nyuma ya watoto.

Miiko mingi haina madhara. Asiyepiga mluzi usiku hapotezi kitu, na majirani wanalala. Lakini naomba tusimame kwenye sahani ya mtoto na ya mama yake. Baganda waliwakataza wanawake kuku na mayai. Tanzania mjamzito huambiwa akila yai atazaa mtoto asiye na nywele. Hakuna ushahidi wa kisayansi kwa hilo. Yai moja lina karibu gramu 6 za protini, pamoja na kolini inayojenga ubongo. Kongo, uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 ulikuta karibu 43% ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa.

Yai halifanyi miujiza. Ekuado, kati ya watoto waliopewa yai moja kila siku kwa miezi 6, waliodumaa walikuwa wachache sana kuliko kati ya wenzao. Jaribio la namna hiyo nchini Malawi, mahali ambapo watoto wengi walikuwa tayari wanakula samaki, halikuonyesha tofauti ya urefu. Kwa hiyo huenda yai linasaidia hasa pale ambapo sahani haina nyama wala samaki, na nyumba za namna hiyo ni nyingi huku kwetu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2023, linataka mtoto wa miezi 6 hadi 23 ale nyama, samaki au mayai kila siku.

Mzee unayesoma haya, neno lako ndilo linaloamua nani ale nini nyumbani. Mjukuu akitimiza miezi 6, ruhusu apewe yai lililoiva vizuri, na mkwe wako mjamzito naye asinyimwe. Ukiona miguu ya mtoto imevimba, bonyeza upande wa juu wa nyayo zote mbili kwa kidole gumba, sekunde 3 kila mmoja. Shimo likibaki pande zote mbili, hiyo ni dalili ya bwaki, yaani utapiamlo mkali. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.