Deraya, Makaburi na Zamu ya Usiku

Mwaka 1985 kampuni ya Capcom ya Ujapani ilitoa mchezo wa mashine uitwao Ghosts 'n Goblins. Kwa Kijapani huitwa Makaimura, maana yake kijiji cha ulimwengu wa mashetani. Mwaka uliofuata kampuni ya Elite ya Uingereza iliuingiza mchezo huo katika kompyuta ndogo za nyumbani, miongoni mwake Commodore 64 na ZX Spectrum. Yumkini msomaji atauliza: askari wa mpakani ana haja gani na mchezo wa watoto wa Ulaya uliotoka miaka arobaini iliyopita? Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu.

Shujaa wa mchezo ni Arthur, askari wa zama za kale aliyevaa deraya ya chuma. Binti mfalme ampendaye ametekwa na shetani, naye anamfuata kwa kupitia makaburini. Maiti wanafukuka ardhini, mbele yake na nyuma yake. Kunguru waliotua juu ya mawe ya makaburi wanangoja akaribie ndipo waruke. Mchezaji humkimbiza Arthur, humrusha juu ya vikwazo, humpandisha ngazi na kumrushisha mikuki. Pigo la kwanza huivunja deraya yote, shujaa akabaki na nguo ya ndani tu, jambo lichekeshalo hata katikati ya hofu. Pigo la pili humgeuza mifupa mitupu.

Tokuro Fujiwara, aliyeubuni mchezo huo, hakumhurumia mchezaji. Arthur akisharuka hawezi kubadili nia angani. Atatua pale alipoelekea, hata kama adui amekwisha kufika. Hubeba silaha ya aina moja tu kwa wakati. Akiokota mwenge, mkuki umekwenda, na wachezaji wengi huulaani mwenge huo. Na katika mashine ile ya kwanza imo adhabu ambayo sisi tumeipenda kuliko zote: anayeyapiga mawe ya makaburi ovyo, tena na tena, hutokewa na mchawi akamgeuza chura. Hatujui mwalimu wa shabaha aliyepata kubuni adhabu bora kwa mtu anayepoteza risasi.

Kompyuta zenyewe zilikuwa duni. Spectrum iliyochezewa mchezo huu ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 48, ambayo haitoshi hata kuhifadhi picha moja ya kawaida ya simu ya leo. Mchezo ulikaa katika kaseti kama zile za muziki, na mwenye kompyuta alingoja dakika kadhaa, huku kinasa sauti kikipiga kelele, mpaka usomeke wote. Kwa ufinyu huo baadhi ya hatua za mchezo zilikatwa. Mashine ndogo namna hiyo haiwezi kubuni hofu mpya kila mara. Kila zimwi lina mwendo wake na mahali pake, na anayelitazama kwa utulivu hulitambua. Anayeshindwa, aghalabu, ni yule aliyeruka kwa kushtuka.

Hapo ndipo tunapofika Sikuda. Katika gombolola hiyo ya wilaya ya Busia, na kupanda hadi Tororo, na ng'ambo ya mpaka upande wa Kenya, watu husimulia habari za mkimbiaji wa usiku, ambaye Wapadhola humwita jajwok. Husemekana huvua nguo, akazunguka nyumba za watu na kugonga milango yao gizani. Giza lenyewe lina historia. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja mwaka 1954, na kwa miaka mingi umeme wake ulipitia Tororo kwenda Kenya, ilhali nyumba nyingi za vijijini zilizo karibu na nyaya zilibaki na koroboi.

Hatumdharau mtu kwa imani yake. Lakini askari wa lindo ana bunduki, na polisi huitwa pale umati unapomzingira mzee kwa kushukiwa kuwa ndiye mkimbiaji huyo. Mzee huyo aweza kuuawa kabla gari halijafika. Akifika polisi mwenye hofu ile ile ya umati, nani atamwokoa? Vilevile kivuli kinachokimbia usiku chaweza kuwa mchimba dhahabu wa Tiira anayerudi kwake, au mtu wa magendo mwenye gunia kichwani, au baba anayemfuata mkunga. Kila mmoja wao ana mwendo wake, na mwendo huo hutambulika kwa yule anayetulia akatazama na kuuliza, “Nani huyo?” kabla ya kidole kugusa mtambo. Zimwi la hakika la Sikuda, tukiulizwa sisi, ni shimo la mchimbaji lililoachwa wazi njiani.

Arthur hupewa maisha mengine akifa, na mchezaji akaanza upya akiwa na nafasi ya kusahihisha. Aliyepigwa risasi kimakosa kando ya njia ya panya hapewi.

Limebaki jambo moja. Katika mashine ya kwanza, mchezaji anayemaliza hatua zote huambiwa kwamba ushindi wake ulikuwa hila ya shetani, akarudishwa makaburini kuanza tena, mara hii kwa ugumu zaidi. Askari aliyerudi kutoka doria saa kumi na moja alfajiri, akakuta jina lake limepangwa zamu ya jioni ile ile, hahitaji kuelezwa hali hiyo.