Pedeli Inayozama
Pedeli ya breki ya gari kuukuu ikizama polepole huku mafuta ya breki hayapungui, anayeshukiwa kwanza ni masta silinda. Raba zake zikilika, mafuta huzipita kwa ndani badala ya kusukuma breki, na nje hakuna hata tone. Injini ikiwa inaunguruma, pedeli hukanyagwa na kushikiliwa: ikiendelea kushuka, shaka huongezeka. Ikipanda baada ya kupampu, huenda kuna upepo kwenye mfumo wa breki, au breki za dramu zimelegea.

Utoaji wa upepo huo wenyewe unaweza kuharibu zaidi. Pedeli ikifika sakafuni, raba hukwaruzwa na kutu ya sehemu zisizofikiwa kila siku. Fundi mzoefu huweka kipande cha mbao chini ya pedeli ili isifike huko.