Bahari Iliyokataa Kupwa: Nguvu ya Maumbile katika Fasihi na Filamu, kutoka Kilwa hadi Lindi

Kisiwa cha Kilwa kilinunuliwa kwa nguo. Sultani aliyekuja kwa jahazi kutoka Uajemi alimwomba mwenyeji wake, Mrimba, amwachie kisiwa, naye Mrimba akataka kizungushiwe nguo pande zote. Nguo zikatandazwa, mapatano yakatimia, Mrimba akavuka kwenda bara. Baadaye akaghairi, akakusanya watu wake ili arudi kupigana. Njia aliijua: maji yakipwa, mtu huvuka kwa miguu. Akakaa ng'ambo akiyangoja yapwe. Hayakupwa.

Masimulizi hayo ya wazee wa Kilwa yalikusanywa na Mjerumani Carl Velten na kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 1907. Wazee walisema Sultani alitoa sadaka na kusoma Kurani, ndipo bahari ikakaa vivyo hivyo. Tarikhi ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16 inatoa sababu nyingine: pale pa kuvukia palichimbwa, maji yakajaa na yasirudi tena. Masimulizi ya kwanza yanategemea dua, ya pili yanategemea majembe, lakini yote yanakubaliana kwamba bahari ndiyo iliyoamua nani atawale Kilwa.

Mrimba, kwa maneno ya wazee hao, alikuwa Mmachinga, na Wamachinga ni watu wa pwani hii ya Lindi. Kwa hiyo msomaji wa Mitwero, nje kidogo ya mji wa Lindi, anakielewa kisa hiki haraka kuliko mtu wa bara. Anajua kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kwamba wakati wa bamvua hukimbia mbali hata wanawake wakashuka kutafuta pweza miambani. Maisha yote ya ufukweni yamejengwa juu ya uhakika kwamba maji yaliyojaa yatapwa. Kumnyima Mrimba uhakika huo ni kumwondolea ardhi chini ya miguu, na msimulizi aliyebuni tukio hilo alijua vizuri hadhira yake itashtukia wapi.

Darasani mwanafunzi hufundishwa kuitafuta mandhari ya hadithi, yaani mahali na wakati wa matukio. Somo hilo ni sahihi, ila kwa fasihi ya pwani ya kusini halitoshi. Huku maumbile hufanya kazi ya mhusika. Huzuia, huahidi, hulisha na huua.

Mto ulifanya hivyo mwaka 1904. Masimulizi ya Vita vya Maji Maji yanaeleza kwamba huko Ngarambe mtu aitwaye Kinjikitile Ngwale alivutwa na pepo Hongo hadi majini, akazama, na kesho yake akatoka nguo zake zikiwa kavu. Alirudi na dawa ya maji iliyoaminiwa kuzigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, wilayani Kilwa, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, na vita ikaanza. Vita hiyo, pamoja na njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuchomwa, iliua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000.

Lindi iliyaandika mambo hayo mapema. Abdul Karim bin Jamaliddini, mshairi wa Lindi, alitunga Utenzi wa Vita vya Maji Maji. Kisha mwaka 1969 Ebrahim Hussein, aliyezaliwa katika pwani hiyo hiyo mwaka 1943, akachapisha tamthilia yake Kinjeketile, inayomhusu mtu huyo wa Ngarambe, ambayo vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki vimeisoma.

Katika tamthilia hiyo kuna vitu viwili vya asili vinavyopambana kabla ya watu kupambana. Pamba ni zao la amri: wanaume wanatolewa makwao wakailime, na majumbani njaa inaingia. Maji hayana mwenyewe, hayakodishwi wala hayatozwi kodi, na kila kabila linayajua. Ndiyo sababu yanaweza kuwaunganisha watu ambao jana walikuwa hawaaminiani. Hussein anakwenda mbali zaidi ya masimulizi, kwa kuwa Kinjeketile wake anaanza kuitilia shaka ile dawa, lakini imani imekwisha kusambaa wala haishikiki tena. Hata akiwa kifungoni anakataa kusema kwamba maji yalikuwa uongo. Jukwaani mto hauonekani. Mtazamaji anausoma katika nyuso za wale wanaongoja ukingoni, na huo ni ufundi mkubwa wa kuyapa maumbile uhai bila tone la maji.

Filamu ingetarajiwa kufanya zaidi, maana kamera haina haja ya kuukisia mto. Lakini pwani hii haikupata bahati hiyo. Katika Vita Kuu ya Kwanza manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji, kaskazini ya Kilwa. Mikoko iliifunika, na mikono ya mto ilikuwa na maji machache mno kwa meli kubwa za Waingereza. Iliwabidi walete ndege za kuitafuta na meli mbili maalumu zisizozama sana, Severn na Mersey, hadi Königsberg ilipoangamia tarehe 11 Julai 1915. Mwandishi Wilbur Smith alikichukua kisa hicho na kukigeuza riwaya, Shout at the Devil, iliyotoka mwaka 1968. Filamu yake ya mwaka 1976, iliyochezwa na Lee Marvin na Roger Moore, ilipigwa Malta na Afrika Kusini. Mikoko ya Rufiji, iliyoiweka meli hai kwa miezi mingi, haikupewa nafasi.

Kaskazini mwa nchi mambo yalikuwa kinyume. Filamu ya Bernhard Grzimek kuhusu Serengeti, iliyotoka mwaka 1959 na kupata tuzo ya Oscar, na Hatari! ya mwaka 1962, ziliijaza skrini mbuga na wanyama wa kweli wa Tanganyika. Huko maumbile yalionekana, ila wenyeji walisukumwa pembeni.

Hata hivyo, kiumbe mmoja wa Lindi amezunguka dunia nzima katika sinema bila kutajiwa kwao. Kuanzia mwaka 1909, katika kilima cha Tendaguru, Wajerumani Werner Janensch na Edwin Hennig waliongoza uchimbaji wa mifupa ya dinosaria. Kazi yenyewe ilifanywa na mamia ya wenyeji chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, na wapagazi waliibeba mifupa kichwani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mnyama mkubwa kuliko wote alisimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin mwaka 1937, na leo kimo chake kinazidi mita 13. Aliitwa Brachiosaurus, kama jamaa yake aliyepatikana Marekani mwaka 1900 bila kichwa. Kwa hiyo wachoraji waliotaka kumchora mnyama kamili walitazama mifupa ya Tendaguru, ambayo leo wataalamu wanaiita Giraffatitan. Steven Spielberg alipotoa Jurassic Park mwaka 1993, Brachiosaurus wake alikuja na lile paji lililoinuka, umbo lililojulikana kutokana na mifupa ya Lindi. Mtoto wa Mitwero anayeitazama filamu hiyo katika kibanda umiza anamtazama mtu wa kwao.

Watengenezaji filamu wa Tanzania wamekwisha kuonyesha kwamba bahari yetu inaweza kupigwa picha mahali pake. Mwaka 2021 Amil Shivji aliigeuza riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, kuwa filamu iliyopigwa Zanzibar na kuonyeshwa katika tamasha la Toronto. Kusini nako kazi ya aina hiyo hiyo inangoja kufanywa. Safari ya wapagazi wa Tendaguru pekee inatosha filamu nzima: mfupa wa paja uliozidi kimo cha mtu, njia ya vumbi, na Boheti bin Amrani akipewa hatimaye nafasi ya mbele badala ya kuwa jina katika vitabu vya Wajerumani.