Kutekwa kwa ajili ya falanga: kidonda kisichoonekana



Kila mara tunasema hapa juu ya kofia, viatu vya kazi na baruti. Leo tuseme juu ya hatari nyingine: mtu kutekwa ili jamaa yake au kampani yake itoe falanga.

Mambo ya Baron Empain

Wazee waliosafiri kwa masini ya moshi kati ya Kabalo na Kalemie wanajua njia ya C.F.L. Kampani ile ilianzishwa mwaka 1902 na Édouard Empain. Mjukuu wake, Baron Édouard-Jean Empain, alikuwa mkubwa wa kundi la Empain-Schneider huko Ufaransa.

Tarehe 23 Januari 1978, asubuhi, alitoka kwake, avenue Foch, mjini Paris. Watu wenye silaha walizuia motokari yake, wakamchukua pamoja na dereva. Dereva waliachilia upesi. Baron walimfunga mnyororo, wakamweka katika giza na baridi. Wakamkata pingili ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, wakaipeleka kwa jamaa yake. Waliomba falanga milioni 80 za Ufaransa, halafu wakashuka mpaka milioni 40.

Tarehe 24 Machi, polisi waliwategea kwenye barabara kubwa karibu na Paris. Mtekaji mmoja alikufa, mwingine akakamatwa. Huyu alikubali kuwapigia wenzake simu wamwachilie mateka. Tarehe 26 Machi, siku ya Pasaka, kiisha siku 63, Baron alirudi. Falanga hazikulipwa.

Kurudi si kupona

Kidole kilipona. Lakini wakati wa kifungo, magazeti yalikuwa yametoboa siri zake: deni za karata na mambo ya wanawake. Alipofika nyumbani alikuta maswali kuliko faraja. Ndoa ilivunjika, na mwaka 1981 aliuza sehemu yake katika kampani.

Waganga wanajua ugonjwa huu. Aliyetoka utekani anaweza kukosa usingizi, kushtuka kwa kelele ndogo, kukasirika bure, kuogopa kutoka nje. Huo si uvivu wala ulozi. Ni kidonda cha akili, na kinatunzwa.

Angalisho kwa wote

Usidhani jambo hili ni la matajiri tu. Katika Kivu wametekwa wachuuzi, madereva na hata wakulima. Basi:

1. Usipite kila siku saa ile ile na njia ile ile, zaidi siku ya mshahara.
2. Usitangaze falanga zako kwenye baa. Wafundishe watoto wasimwambie mgeni saa ya baba kurudi.
3. Dereva, funga milango. Motokari ikikufuata, usiende nyumbani. Nenda penye polisi au watu wengi.
4. Ukikamatwa, usipigane na mwenye bunduki. Kula unachopewa, hesabu siku, sema dawa unayohitaji.
5. Jamaa, mjulishe wakuu mara moja. Mtu mmoja tu aongee na watekaji, naye aombe alama kwamba mateka ni mzima.
6. Akirudi, apelekwe kwanza kwa munganga. Mpeni chakula, usingizi na upole. Maswali ya nyumbani yangoje.

Mfanyakazi, jilinde kazini na njiani. Jamaa yako inakungoja.