Uso Una Wake wa Kumwambia

Mgeni ameketi sebuleni na sahani ya biskuti iko mezani. Mtoto wa miaka sita ameshakula mbili, na mkono wake unaifuata ya tatu. "Chukua mwanangu, usione haya," mgeni anamhimiza. Mama, huku akiendelea kumtabasamia mgeni, anamtolea mtoto macho kidogo tu, na nyusi zinapanda na kushuka mara moja. Mkono wa mtoto unarudi mapajani. "Ahsante, nimeshiba," anasema. Katika nukta hiyo uso mmoja umetoa kauli mbili kwa watu wawili: midomo imemkaribisha mgeni, macho yamemkataza mtoto, na kila mmoja amepata ujumbe wake. Ni jambo la kila siku majumbani mwetu, na pengine ndiyo maana hatulitafakari. Lakini linapinga imani tuliyoizoea mno, kwamba uso ni kioo cha moyo na mwenye jicho kali akiutazama ataona kilichomo ndani. Ninavyoona mimi, uso ni chombo cha mazungumzo kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Huelekezwa kwa mtu, na maana yake hukamilishwa na mahali, wakati na uhusiano wa wanaotazamana. Anayeung'oa katika mazungumzo hayo na kuusoma kama hati ya siri za moyo hukosea mara nyingi, na anayeumia kwa kosa lake huwa ni mwingine.

Imani ya kioo ina mizizi yake. Misuli mingi ya mwili kazi yake ni kuvuta mifupa, lakini ile ya uso imejishika kwenye ngozi yenyewe, ndiyo maana hata mtikisiko mdogo huonekana kwa nje. Mwaka 1862 daktari Mfaransa, Duchenne de Boulogne, aliyeisisimua misuli hiyo kwa umeme, alieleza kuwa tabasamu la furaha halikomei midomoni. Hukaza pia msuli unaozunguka jicho, ambao yeye aliamini hautii amri ya mtu. Miaka kumi baadaye Charles Darwin alichapisha kitabu kizima kutetea hoja kwamba mikunjo ya uso wa binadamu ni urithi tunaoshirikiana na wanyama. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanasaikolojia Mmarekani Paul Ekman alikwenda kwa watu wa Fore katika milima ya Papua New Guinea, waliokuwa na mawasiliano haba na ulimwengu wa nje. Aliwasimulia visa vifupi, kama kile cha mtu aliyetembelewa na rafiki zake, akawaomba wachague picha ya uso unaofaa. Mara nyingi walichagua kama ambavyo angechagua mtu wa Marekani, ingawa uso wa hofu na ule wa mshangao viliwachanganya. Tangu hapo wengi wakaamini kwamba furaha, hasira, huzuni na hofu zina sura moja dunia nzima.

Tatizo hujitokeza tunapoacha picha na kuwatazama watu wakiwa katika shughuli zao. Mwaka 1979 watafiti Robert Kraut na Robert Johnston walichapisha uchunguzi wao juu ya wachezaji wa bolingi, mchezo wa kuviringisha tufe zito ili liangushe vigingi mwishoni mwa njia ndefu. Kama tabasamu lingekuwa furaha inayofurika tu, basi lingechanua pale pale vigingi vinapoanguka. Haikuwa hivyo. Mchezaji aliyefanikiwa akiwa bado ametazama vigingi hakutabasamu ila kwa nadra. Tabasamu lilikuja alipowageukia wenzake. Picha za washindi wa medali za dhahabu katika Olimpiki ya Barcelona ya 1992 zilieleza habari hiyo hiyo: mtu yuko katika kilele cha furaha ya maisha yake, lakini tabasamu hukusanyika zaidi katika dakika anazokutana na watu. Furaha ilikuwepo muda wote. Kilichokuja na kuondoka ni mtu wa kuambiwa. Wahenga walipotuachia msemo kwamba uso umeumbwa na haya, walikuwa wameshaliona hilo: nguvu ya uso iko katika kukutana na uso mwingine.

Hata mtoto mchanga analijua. Katika miaka ya 1970 Edward Tronick na wenzake waliwaomba akina mama wacheze na watoto wao wa miezi michache, kisha ghafla waukaushe uso, wamtazame mtoto bila kuonyesha chochote. Mtoto kwanza hujaribu kumrudisha mama yake katika mazungumzo kwa tabasamu na sauti. Anaposhindwa, hugeuza kichwa, hujikunyata, na mara nyingi huishia kulia. Hana neno hata moja kinywani, lakini anafahamu kwamba alikuwa anazungumza na mtu na kwamba mtu huyo amenyamaza.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko kwa viziwi. Watu wengi wanapomtazama mkalimani wa lugha ya alama kwenye televisheni hudhani kwamba anatia chumvi kwa jinsi anavyokunja na kukunjua uso. Ukweli ni kwamba hiyo ni sarufi. Katika Lugha ya Alama ya Marekani, kwa mfano, nyusi zikipanda sentensi inakuwa swali la ndiyo au hapana, na zikikunjamana inakuwa swali la nani, nini au wapi. Lugha nyingine nyingi za alama nazo huutumia uso hivyo hivyo kuunda maana. Anayekunja nyusi hapo hajakasirika, ameuliza swali.

Kuna pingamizi zito. Wachezaji wa judo wasioona tangu kuzaliwa, waliopigwa picha katika Michezo ya Walemavu ya Athens mwaka 2004, walionyesha sura zile zile za ushindi na za kushindwa kama wenzao wanaoona. Hawakuziiga kwa yeyote. Je, hilo si uthibitisho kwamba uso ni maumbile? Ndiyo, na sioni sababu ya kulikana. Koo na ulimi pia ni maumbile, lakini hakuna anayesema Kiswahili kimo ndani ya koo. Tunazaliwa na misuli na baadhi ya mienendo yake. Matumizi na maana tunajifunza kwa wenzetu. Mwaka 2016 Carlos Crivelli na wenzake waliripoti kuwa wakazi wa visiwa vya Trobriand, hapo hapo Papua New Guinea, waliona hasira na vitisho katika uso wa macho yaliyotumbuka na kinywa kilicho wazi, ule ambao watu wa Magharibi huuita uso wa hofu.

Mwingine atasema kwamba mwongo hujulikana usoni. Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walijumlisha majaribio yaliyohusisha zaidi ya watu 24,000 walioombwa kutenganisha waongo na wakweli bila msaada wowote maalumu. Walipatia kwa asilimia 54, tofauti ndogo mno na mtu anayerusha sarafu. Hata hivyo hukumu za uso tunazitoa kila siku. Kijana aliyelelewa kuinamisha macho mbele ya wakubwa anaulizwa na mtu asiyejua adabu hiyo, naye anaonekana mwenye hatia. Mfiwa asiyetoa machozi ananong'onwa kwamba hakumpenda marehemu. Sasa zipo hata programu za akili mnemba zinazodai kuzisoma hisia za mfanyakazi au mwanafunzi kupitia kamera. Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya 2024, umepiga marufuku matumizi hayo kazini na shuleni, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Naona umefanya sawa, kwa kuwa kamera huona msuli uliosogea, lakini haijui ulisogea kwa ajili ya nani.

Hii haina maana kwamba tuache kutazamana usoni. Tutazamane zaidi, ila kwa namna ya wanaozungumza: ukiona uso umesawijika, hilo ni jambo la kuuliza kabla ya kuliamulia. Mtoto wa pale sebuleni aliuelewa uso wa mama yake kwa sababu amekaa nao miaka sita, amekosea, amekanywa na amebembelezwa nao. Mgeni alikuwa karibu vile vile, na macho yake ni mazima, lakini alichoona ni mwenyeji mkunjufu na mtoto aliyeshiba.